Nywele za Mawimbi Mombasa: Kabla ya Kununua Chupa, Yatazame Maji na Hewa

Ingia duka la vipodozi Barabara ya Biashara au Mwembe Tayari ukiwa na nywele za mawimbi, na utakuta rafu zimegawanyika pande mbili. Upande mmoja ni chupa za nywele za singa, shampuu za kung'arisha na kondishena nyembamba. Upande wa pili ni makopo ya nywele za kipilipili, yaliyojaa krimu nzito, siagi ya shea na mafuta ya kupaka mpaka ngozini. Mwenye nywele za katikati, zile zinazolala utosini kisha zikaanza kupinda kama herufi S kuanzia masikioni, huchukua cha huku leo na cha kule mwezi ujao. Cha singa kinamwacha timtim kabla hajafika kituo cha matatu. Cha kipilipili kinazilaza nywele zote, utosi unang'aa mafuta na ncha bado kavu.

Watu hawa si wachache mji huu. Mombasa imeoleana kwa karne nyingi na Hadhramaut, Oman, Bulushistani, Gujarati, Baraawe na bara, na katika nyumba moja ya Mji wa Kale au Bondeni utakuta ndugu wa tumbo moja, huyu nywele za singa, yule za kipilipili, wa tatu za mawimbi. Watatu wote wanaoga na shampuu moja na kupakwa mafuta yale yale, na wa tatu ndiye anayeambiwa kila siku, "Mwanangu, hebu tia mafuta, nywele zimekutimka."

Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu ushauri huo umejengwa juu ya dhana isiyo sahihi. Nywele za mawimbi kutimka hapa kwetu mara nyingi si kiu ya mafuta. Ni unyevu wa hewa unaoingia ndani ya unywele bila mpangilio, tena unywele ambao tayari umebeba chumvi na chokaa ya maji tunayoogea. Ukilifahamu hilo, orodha ya kununua inageuka: vitu vyepesi, kitu cha kushika umbo, na kitu cha kuondoa madini mara moja moja. Mafuta yanashuka mpaka nafasi ya mwisho.

Yanayotokea ndani ya unywele

Unywele ni keratini, protini ile ile ya kucha. Nje una magamba yaliyolaliana kama makuti ya paa, yakielekea chini. Ndani mna nyuzi za protini zilizoshikana kwa vifungo, na vinavyotuhusu ni vya aina mbili. Kuna vifungo vya salfa, ambavyo ni vigumu; dawa ya kunyoosha ndiyo inayovivunja, na vikishavunjwa hivyo umbo la zamani halirudi mpaka nywele mpya iote. Halafu kuna vifungo vya haidrojeni, dhaifu lakini vingi mno. Hivi hukatika unywele unapolowa na kujifunga upya unapokauka. Ndiyo maana nywele zilizosukwa mbichi usiku huamka na mawimbi asubuhi, na ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi saluni hudumu mpaka jasho la kwanza.

Wimbi lenyewe linatokana na umbo la kitundu cha ngozi ambamo unywele unaota. Hakuna shampuu wala mafuta yanayokibadilisha kitundu hicho, hata chupa iandikwe nini. Unachoweza kuamua ni namna vifungo vya haidrojeni vitakavyojifunga nywele zikikauka, na muda vitakaokaa kabla hewa haijavifungua.

Na hewa yetu ina nguvu. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alieleza chombo cha kupimia unyevu wa hewa ambacho kiini chake kilikuwa unywele wa binadamu: hewa ikijaa maji unarefuka, ikikauka unafupika. Kutoka ukavu kabisa hadi unyevu kamili, urefu huongezeka kwa takriban asilimia 2, na unene huongezeka zaidi ya hapo. Sasa fikiria kichwa kizima mjini Mombasa, ambako asubuhi nyingi unyevu wa hewa hupita asilimia 80. Kila unywele unavuta maji kwa kasi yake, kulingana na jinsi magamba yake yalivyochakaa. Huu umevimba, wa jirani bado, na zile nywele zilizokuwa zimeshikana katika wimbi moja zinaachana. Timtim ndiyo hiyo. Ukiongeza mafuta juu yake utaipata ikiwa nzito tu, haitatulia.

Ushauri mwingi unaotufikia umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wana miezi ya hewa kavu, nyumba zenye vipasha joto, na nywele zinazopasuka kwa ukavu. Kwao ni sawa kutafuta viambato vinavyovuta maji, kama gliserini, asali na propilini glaikoli. Hapa maji ya kuvutwa hewani hayakwishi. Jeli yenye gliserini katika majina ya mwanzo itaendelea kunywa unyevu wa Kilindini mchana kutwa, na kufikia saa tisa nywele zimevimba na kunata. Sisemi gliserini ni adui. Ikiwa ndani ya shampuu ya kuosha na kusuuzwa haina neno. Inayobaki kichwani ndiyo ya kukagua.

Maji ya mfereji, maji ya kisima

Hili naliona ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisilotajwa kwenye chupa yoyote.

Maji ya mfereji ya Mombasa yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika Milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayatoshi, na kila mwenye nyumba hapa anajua siku ambazo mfereji hutoa upepo mtupu. Basi watu huoga maji ya kisima au ya kuchimbwa, au hununua madumu ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni bila kujua yametekwa wapi. Na kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, huku bahari ikiwa imekizunguka. Ndiyo maana maji ya visima vingi yana madini ya kalisi na chumvi ya kuonjeka ulimini.

Madini hayo hufanya mambo mawili kichwani. Kalisi hujishikiza kwenye unywele na kuufanya mgumu na mkwaruzo, usiong'aa, usioshikana na mwenzake. Chumvi nayo huvuta maji. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikipita takriban asilimia 75 ya unyevu, na kila jiko la pwani linajua, ndiyo maana tunatia punje za mchele kwenye kikopo cha chumvi. Chumvi iliyokauka juu ya nywele, iwe ya kisima, ya jasho au ya kuogelea ufuo wa Pirates, hutenda vivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla hujalaumu kondishena, jiulize mwezi huu umeosha nywele kwa maji gani. Ikiwa unatumia maji ya chumvi, ukiweza weka dumu moja la maji ya mfereji au ya mvua kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho tu. Wakati wa masika na vuli, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa safi baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza ni hazina kwa nywele, kwa kuwa karibu hayana madini.

Pili, tafuta shampuu ya kuondoa madini. Kiungo chake ni EDTA, kinachoandikwa "disodium EDTA" au "tetrasodium EDTA". Shampuu nyingi zina kiasi kidogo sana mwishoni mwa orodha, cha kusaidia zisiharibike. Unayoitaka wewe ina jina hilo kuelekea katikati ya orodha. Itumie kila baada ya wiki tatu au nne ikiwa ni maji ya kisima. Ya mfereji, mara chache zaidi. Ukikosa, kijiko kimoja cha mezani cha siki ndani ya lita moja ya maji safi, mimina baada ya shampuu, kaa dakika mbili, suuza. Watu wengi hupenda ndimu, lakini maji ya ndimu yakibaki shingoni au kwenye paji la uso kisha ukatoka juani, ngozi huweza kuungua na kuacha madoa meusi. Siki ni salama zaidi.

Na sabuni ya mche, tafadhali, iachieni nguo. Ina alkali nyingi ambayo hufungua magamba ya unywele, na ikikutana na kalisi hutengeneza utando mweupe usiosuuzika. Ule ugumu unaosikia baada ya kuosha kichwa kwa sabuni na maji ya kisima ni utando huo.

Shampuu, na mambo mawili yanayochanganya watu

Mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye nywele za singa, na hukwama kwenye za kipilipili. Za mawimbi ziko katikati: utosi hupata mafuta haraka, ncha hazifikiwi. Kwa joto letu na jasho letu, kuosha mara mbili kwa wiki ni jambo la kawaida, na mtindo wa kuosha kwa kondishena peke yake bila shampuu siupendekezi kabisa pwani. Uchafu hujilimbikiza na mba hupata pa kukaa, kwani fangasi wanaohusika na mba hula mafuta hayo hayo ya ngozi.

Chupa ikiandikwa haina salfeti, yaani vile viambato vya kutoa povu na kuondoa mafuta, watu hudhani ni laini. Si lazima. Kuna kiambato kinachoitwa "sodium C14-16 olefin sulfonate" ambacho si salfeti lakini kinaweza kukausha vilevile. Kwa upande mwingine "sodium laureth sulfate" ikichanganywa na "cocamidopropyl betaine" huwa haiumi kama sifa yake inavyovuma. Ukitaka laini kweli, angalia majina yanayoanza kwa "cocoyl", kama "sodium cocoyl isethionate". Kumbuka orodha hupangwa kuanzia kilicho kingi, mpaka kufikia vile visivyozidi asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Lile ua au tunda lililochorwa mbele ya chupa mara nyingi liko huko mkiani.

La pili ni neno alkoholi. Dada wengi wa Mombasa huirudisha chupa rafuni wakiliona, ama kwa kuogopa ukavu ama kwa ajili ya dini. "Cetyl alcohol" na "cetearyl alcohol" ni mafuta magumu mfano wa nta, hayakaushi bali hulainisha, na hayamlevyi mtu. Zinazokausha ni "alcohol denat." na "isopropyl alcohol" zikiwa mwanzoni mwa orodha. Hukumu ya kidini mwulize sheikh wako, lakini nenda naye ukijua kwamba hivi ni vitu viwili tofauti.

Kondishena, mafuta na silikoni

Kwanza ujue unene wa unywele wako mmoja mmoja. Uchukue mmoja uliodondoka, uviringishe kati ya vidole viwili. Usipousikia, nywele zako ni nyembamba na kila kitu kizito kitazilaza. Ukiusikia wazi, unaweza kustahimili kondishena yenye uzito kidogo. Kipimo hiki kina maana kuliko lile jaribio la kutia unywele ndani ya bilauri ya maji kuona kama utazama. Kuelea huko hutegemea mafuta yaliyo juu ya unywele na utando wa juu wa maji, si hali ya ndani. Vilevile kuna herufi zinazozunguka sana, 2A, 2B na 2C, kutoka mpango wa msusi wa Marekani Andre Walker wa miaka ya 1990. Zinaeleza umbo la wimbi kwa macho, 2A likiwa hafifu na 2C likiwa kali. Hazisemi lolote kuhusu unene, maji wala hewa, hivyo hazitoshi kununulia chupa.

Kondishena ipake kuanzia masikioni kwenda chini, chana kwa kitana chenye meno mapana nywele zikiwa zimelowa nayo, kisha suuza. Siagi ya shea na mafuta ya nyonyo waachie ndugu zako wa kipilipili. Nyonyo ni zito mno kwa wimbi, na habari ya kwamba huotesha nywele haina ushahidi wa kutosha.

Mafuta ya nazi yana heshima yake, ila mahali pake ni kabla ya kuosha. Asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta hayo, ina molekuli ndogo iliyonyooka inayoweza kupenya ndani ya unywele. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi tu yaliyopunguza sana upotevu wa protini wakati wa kuosha. Basi yale ya kukamua nyumbani, paka kidogo kwenye ncha saa moja au usiku kabla ya shampuu, uyaoshe. Ukiyapaka baada ya kuosha ukatoka nayo, wimbi litalala. Na ukinunua kopo la mafuta ya nywele, soma kwanza: "paraffinum liquidum" na "petrolatum" ni mafuta ya madini, yanakaa juu hayaingii.

Silikoni imesemwa vibaya mno, na kwa hewa yetu nadhani imeonewa. "Dimethicone" kidogo, ikiwa chini kidogo kwenye orodha, hufunika unywele na kuchelewesha unyevu wa hewa kuingia. "Amodimethicone" hujishika zaidi pale unywele ulipochakaa. Huondoka kwa shampuu ya kawaida ya povu. Tatizo huja kwa anayejipaka seramu ya silikoni kila siku na kuosha kwa kondishena tu.

Cha kushika umbo

Watu hutumia fedha yao yote kwenye shampuu na mafuta, na kitu kinachohitajika zaidi wanakiacha. Nywele za mawimbi zinataka jeli au povu la nywele, kitu kitakachofunga kundi la nywele pamoja likauke likiwa wimbi na kubaki wimbi. Kwenye kopo utaona "PVP" au "VP/VA copolymer". Yote hushika, lakini PVP peke yake hunywa unyevu na kunata siku za masika. VP/VA hustahimili hewa ya maji vizuri zaidi.

Namna ya kupaka ina uzito sawa na kopo lenyewe. Nywele ziwe zinachuruzika maji. Paka jeli viganjani, ipitishe, kisha inamisha kichwa na ufinye nywele kutoka ncha kwenda juu. Kausha maji kwa fulana ya pamba kwa kufinya, taulo la kusugua linatawanya mawimbi. Keti mbele ya feni, usiziguse. Zitakauka zikiwa ngumu kama zimegandishwa. Hapo ndipo uzifinye kwa mikono mikavu mpaka ule ugumu uondoke. Wengi huosha ile jeli wakiona ugumu huo, kumbe walikuwa wamebakisha hatua moja.

Kwa mwenye bajeti ndogo, bamia za Marikiti au Kongowea zinatosha. Katakata chache, chemsha na maji, chuja ule ute. Uwatu uliolowekwa usiku kucha nao hutoa ute mwepesi, ingawa harufu yake haijifichi. Vyote viwili vikae ndani ya friji na vimwagwe baada ya siku tatu, kwa kuwa havina kihifadhi. Majani ya mkunazi yaliyosagwa, ambayo bibi zetu waliyajua vizuri, yana saponini inayosafisha kwa upole. Hina safi hujishika kwenye keratini, na baadhi ya watu huona mawimbi yao yanalegea baada ya kuitumia mara nyingi. Jaribu kwenye kishungi kimoja kwanza.

Chini ya mtandio

Wengi wetu tunatoka tumejifunika, na bado hakuna chupa inayolizungumzia jambo hilo. Ukifunga nywele mbichi chini ya mtandio, vifungo vya haidrojeni vitajifunga vikiwa vimebanwa bapa, nywele zitachukua harufu, na ngozi itakaa na unyevu siku nzima. Osha baada ya isha, zikauke kwa feni kabla ya kulala, na asubuhi zikusanye juu kwa kibanio kisichobana. Ndani ya mtandio vaa kofia ya satini. Pamba hunyonya jeli na kondishena yako na kukwaruza magamba. Jioni ukifungua, lowesha viganja kwa maji, finya, inatosha. Usiongeze bidhaa kila siku.

Saluni nyingine zitakuambia njia fupi ni kunyoosha kwa kile wanachokiita keratini. Uliza kilichomo. Nyingi ya dawa hizo hutoa fomaldehaidi zikipigwa joto, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Majina mengine yake ni "methylene glycol" na "formalin". Macho yakianza kuwasha na moshi ukajaa chumbani, toka nje. Msusi anayeivuta kila siku yuko hatarini kuliko mteja, na hilo nalo linaniuma.

Ukifika dukani, nunua chupa ndogo, angalia tarehe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kagua kama kifuniko kimefunguliwa. Bidhaa iliyokaa kwenye rafu yenye jua huharibika kabla ya tarehe yake. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ukipe wiki tatu hivi, ukiandika ni maji gani uliyotumia. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, anunue jeli. Shampuu iliyopo nyumbani, siki ya jikoni na dumu moja la maji yasiyo na chumvi vitamfikisha mwezi ujao.